Nilivyogombea Nikiwa Edani

Lukumani alikuja kuniposa siku ya ishirini na mbili tangu tumzike kaka yake. Siku naijua kwa sababu mjane aliye edani hana kazi nyingine ila kuhesabu siku: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila wanja, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Nilikuwa nimekaa mkekani nyuma ya pazia la mlango wa chumba. Yeye akasimama ukumbini, upande wa pili, akakohoa.

"Shemeji," akasema, "kaka ametangulia, na nyumba haikai bila mume. Ubalozi wake wa nyumba kumi nitaushika mimi, na wewe nitakushika mimi. Eda ikiisha tu, tunamwita shehe."

Ubalozi, bendera ya Chama iliyo barazani na mimi, vyote furushi moja. Nikamuuliza, "Na nikikataa?"

"Mimi si mtu wa kulazimisha, shemeji. Ila orodha inakuja."

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Mume wangu, Mfaume, fundi seremala, alikuwa balozi wa nyumba kumi zetu hapa Ng'ambo, Tabora, kwa miaka minane. Alisuluhisha ugomvi, aliandika barua za utambulisho, na bendera ya kijani ya Chama ilipepea kwenye mti mbele ya baraza yetu. Mwezi aliokufa ndipo ilipotoka habari kwamba kila balozi ataandika orodha ya watu wa nyumba zake wasio na kazi, wapandishwe lori wakaanze maisha vijijini. Sina ugomvi na kijiji. Mama yangu alilima tumbaku Usoke mpaka mgongo ukapinda. Lakini mtu kwenda kijijini kwa miguu yake ni jambo moja, na kuandikwa mzembe na shemeji yako ni jambo lingine.

"Mimi nina kazi," nikamwambia. "Nauza vitumbua stesheni. Treni ya Kigoma na treni ya Mwanza zote zinanijua."

"Vitumbua si kazi, shemeji. Mwanamke asiye na mume hana kazi. Fikiria."

Akaondoka. Huyo anayenifundisha kazi alikuwa dalali, maana yake alishinda kibarazani kwa kinyozi akingoja watu wawili wapatane, kisha adai kwamba yeye ndiye aliyewapatanisha. Bibi yangu mzaa baba alikuja Tabora kutoka Ujiji kwa miguu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, akajenga hapa, akazikwa hapa. Mjukuu wake atupwe ndani ya lori na mtu wa kwa kinyozi? Thubutu!

Asubuhi Bi Zeyana alipokuja kunitazama, nilimsimulia. Bi Zeyana alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mjane wa Kiarabu aliyezaliwa papa hapa Tabora, na alisomesha watoto wa mtaa Kurani kwa miaka thelathini. Alikuwa akinimiminia chai, akasita birika likiwa hewani.

"Amekuposa? Kwa maneno ya wazi? Na eda hii?"

"Kwa maneno ya wazi, bibi."

"Haramu hiyo, mwanangu! Mjane haposwi mpaka eda iishe. Hata mtoto wa alifu kwa kijiti anajua."

"Basi nimtangaze leo hii."

"Usimtangaze." Akamalizia kumimina chai. "Weka. Akiba haiozi."

Nikaweka. Nikamuuliza mtu anafanyaje akitaka kugombea ubalozi. Bi Zeyana hakucheka, na kwa hilo namwombea mpaka leo. Siku ya pili alijifunga buibui akaenda tawini kwa katibu, Ndugu Luhende, Mnyamwezi mrefu aliyependa kanuni kuliko chakula. Akarudi na majibu matatu. Mgombea awe na kadi ya Chama. Awe anakaa ndani ya nyumba kumi. Apendekezwe na wanachama wawili wa nyumba hizo, naye akubali.

"Nilimuuliza na la nne," alisema Bi Zeyana. "Nilimuuliza kama kuna kanuni inayomkataza mwanamke aliye edani. Akapekua kitabu chake chote. Hamna."

Kadi yangu ilikuwa chini ya godoro. Bi Zeyana alinipendekeza, na Pelagia wa nyumba ya saba akaunga mkono. Pelagia alikuwa mke wa mtu wa reli, Mkristo, mpika vitumbua mwenzangu, na sauti yake ilivuka reli bila kusubiri treni ipite. Ikawa mimi na Lukumani.

Alipopata habari alicheka pale kwa kinyozi mpaka akashika mbavu. "Atafanyaje kampeni? Atapita nyumba kwa nyumba na mkeka wake?"

Hapo ndipo wanaume wanapokosea, kwa sababu hawajawahi kukaa eda. Mjane hapiti nyumba kwa nyumba. Nyumba ndizo zinazompitia. Kila siku, kuanzia saa nne mpaka alasiri, wanawake wa nyumba zote kumi walikuja kukaa nami, maana ndiyo desturi, na anayekosa husemwa. Mmoja ana uji, mwingine ana magimbi, mwingine ana habari. Nitajieni mgombea mwingine, tangu Uhuru mpaka leo, aliyetembelewa na wapigakura wake kila siku ya Mungu, tena wakamletea chakula!

Sikuwapa hotuba. Niliuliza swali moja tu. "Orodha ikija, wewe utaandikwa una kazi gani?"

Wakaangaliana. Mmoja alisuka mikeka. Mmoja alifua nguo za walimu. Mmoja alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wa mtaa walipita mikononi mwake. Kwa hesabu ya Lukumani, wote hao walikuwa wamelala.

"Na kadi yako ya Chama iko wapi?"

"Sandukuni kwa mume wangu."

"Itoe. Ikae na wewe."

Kadi zikaanza kutoka masandukuni, moja leo, mbili kesho, zikapita chini ya pua za waume zao ndani ya kanga. Walisimama mstari kuzikata wakati wa kudai Uhuru, kisha wakaambiwa wazihifadhi. Zikahifadhiwa kweli, mpaka zikanuka dawa ya nondo.

Alikuja pia Tatu, mke wa Lukumani. Alikuja kila siku na bakuli la uji wa ulezi, akakaa karibu na mlango, akasikiliza yote, asiseme neno. Wenzangu walipunguza sauti akiingia. Mimi sikupunguza. Sikujua kama mume wake alimwambia anakusudia kumletea mke mwenza, na kumuuliza nisingeweza. Siku moja tu, akichukua bakuli lake, alisema, "Dada, mimi nashona kofia. Hiyo nayo si kazi?"

"Ni kazi," nikamwambia. Akaenda zake.

Lukumani alikuwa na haraka. Alimfuata katibu mara tatu akitaka uchaguzi ufanyike mapema. Watu wote walijua kwa nini: alitaka siku iangukie ndani ya eda yangu, mkutano uwe pale kwake, na mimi nisiweze kufika. Mgombea asiyefika mkutanoni, jina lake hufutwa. Akapata alichotaka, Jumapili, saa kumi jioni. Ilikuwa siku yangu ya sabini na sita. Ijumaa iliyotangulia akaja na panga kukata kamba ya bendera aihamishie kwake.

Nilisikia hatua zake barazani. Nikasema nikiwa nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika barabarani, "Shemeji, hiyo bendera ya nani?"

"Ya balozi."

"Balozi ni nani?"

Nikasikia panga likishushwa.

"Mfaume yuko kaburini na mwingine hajachaguliwa. Bendera haihami kabla ya mtu. Ikate, nami nitampigia kelele Pelagia."

Hakuikata. Alikwenda moja kwa moja kwa Luhende kushtaki, na Luhende akapekua kitabu chake, akamjibu kwamba mjane anasema kweli: bendera inabaki ilipo mpaka balozi mpya apatikane, na mkutano wa kumchagua balozi hufanyika chini ya bendera. Haraka haraka haina baraka. Mtu kakimbia miezi miwili ili mkutano unikute sipo, na mkutano ukaja nyumbani kwangu.

Jumapili ukumbi ulijaa, baraza ikajaa, wengine wakasimama nje penye mti wa bendera. Mimi nilikuwa palepale mkekani. Pazia langu lilikuwa fupi, limeacha nafasi ya shubiri moja kutoka sakafuni, kwa hiyo mkutano wote niliuona kwa miguu tu. Viatu vyeusi vya Luhende vilisimama katikati.

"Wenye kadi waonyeshe kadi," alisema.

Lukumani akasema, "Ndugu Katibu, hapa ni nyumba kumi. Kila nyumba ina mwenye nyumba. Kura kumi."

"Kanuni inasema kila mwanachama mwenye kadi," alisema Luhende.

Nikasikia kanga zikifunguliwa vifundo. Katibu alihesabu kadi ishirini na tatu. Kumi na nne zilikuwa za wanawake. Kulikuwa na waume waliogundua pale pale kwamba sanduku lao ni tupu, na manung'uniko yao niliyasikia yote.

Lukumani alipewa nafasi ya kwanza. Aliongea juu ya kaka yake, na aliongea vizuri, siwezi kumdhulumu. Kisha akafika kwangu. "Ndugu zangu, nani asiyejua dini? Huyu yuko edani. Sauti yake kusikiwa na wanaume wote hawa ni aibu kwa marehemu. Aliye edani hagombei. Aliye edani anakaa kimya, anamlilia mumewe."

Wanaume wakaitikia, "Kweli, kweli." Nilimlilia Mfaume kila usiku kwa siku sabini na sita, na huyu ndiye anayenihesabia machozi!

Viatu vya Luhende vikageukia pazia. "Ndugu Zamda, una la kusema?"

"Ninalo," nikasema, na sikuipunguza sauti hata kidogo. "Shemeji amewafundisha dini, nami nataka nimalizie somo. Yupo mwalimu hapa, atanisahihisha. Bi Zeyana, mjane aliye edani anaruhusiwa kuposwa?"

"Haruhusiwi," alijibu Bi Zeyana kutoka kona ya ukumbi. "Ni haramu kwa maandiko."

"Basi shemeji, waambie ndugu zako hawa ulichokuja kuniambia siku ya ishirini na mbili. Ulisimama hapo hapo uliposimama sasa. Waambie na habari ya orodha: kwamba nikikubali nitakuwa mke, na nikikataa nitakuwa mzembe."

Niliona makubazi ya Lukumani yakirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Hakukana. Angekana pengine angepona, lakini aliyesomeshwa na Bi Zeyana haongopi mbele ya Bi Zeyana.

"Mnaniuliza nitafanya nini nikiwa balozi," nikaendelea. "Nitaandika kweli. Anayesuka nitaandika anasuka. Anayefua nitaandika anafua. Basi."

Luhende akakohoa. "Wanaomtaka Ndugu Lukumani wapange mstari kwenda nje. Wanaomtaka Ndugu Zamda wapange mstari mbele ya pazia."

Kwa muda hapakuwa na mguu mbele yangu. Niliiona sakafu tupu, nikafikiri kwamba uji wote ule ulikuwa uji tu. Kisha ukaja mguu wa Pelagia wenye kovu la mafuta ya moto. Nyuma yake viatu vya Bi Zeyana vya ngozi, visigino vimekwisha. Kisha nyayo za mkunga, zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Wakaja na wanaume wawili, nikavitambua viatu vya kinyozi mwenyewe! Niliwahesabu kwa miguu, nikigawa kwa mbili, nikajumlisha na kura yangu, nikafika kumi na tatu.

Mwisho kabisa ikaja miguu midogo iliyotiwa hina kwenye vidole, polepole, ikasimama mwisho wa mstari wangu. Nje nikamsikia Lukumani akiita, "Tatu! Umepotea njia? Mstari wetu huku!"

"Sijapotea," alisema Tatu.

Nililia hapo. Mkono mdomoni, lakini nililia.

Kumi na nne kwa tisa. Luhende alikaa mbele ya pazia na daftari lake gotini, akaandika jina langu, akauliza umri, akaandika. Kisha kalamu ikasimama. "Hapa panauliza kazi ya balozi. Kazi yake anayofanya. Niandike mama wa nyumbani?"

"Andika mpika vitumbua," nikasema. "Tena andika kwa wino."

Akaandika. Niliposikia amemaliza, nikapitisha mkono chini ya pazia, nikachukua daftari na kalamu, nikatia sahihi yangu.

Orodha ilikuja mwezi uliofuata. Niliijaza nyumba kwa nyumba, kila mtu na kazi yake, na safu ya wasio na kazi nikairudisha tupu. Mpaka leo watu huniuliza kama sikushawishika kumwandika Lukumani. Nilishawishika sana, kalamu ilikuwa mkononi. Lakini lori lingemchukua na Tatu.