Bahari Mkono wa Kulia

Edah alikuwa na miaka hamsini na nne siku alipomwambia mumewe kwamba anataka waende kuzunguka Pwani kwa baiskeli. Si kutoka Kakamega, alimweleza haraka, huko ni kujitafutia kifo. Wangepanda basi na baiskeli zao, waanzie Lunga Lunga karibu na mpaka wa Tanzania, wapande polepole kaskazini hadi Malindi, bahari ikiwa mkono wa kulia. Hakuna gari la kuwafuata nyuma. Hema, sufuria, nguo, maji, vyote wabebe wenyewe.

Wanzala alikuwa mezani. Alimega obusuma, ule ugali wa kwao, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna mpaka akameza.

"Mama Mitchel," akasema, "wewe hujui kuendesha baiskeli."

Ilikuwa kweli. Edah alikuwa amesafiri kwa baiskeli zaidi ya wanawake wengi wa mtaa wao, lakini safari zote alikuwa ameketi nyuma. Zamani hizo alikuwa akisomea ushonaji chuoni Sigalagala, na pikipiki zilikuwa bado hazijajaa barabarani. Bodaboda ilikuwa baiskeli. Kila Ijumaa, wanafunzi wakiruhusiwa kwenda nyumbani, vijana wa baiskeli walipanga foleni getini, na kati yao alikuwepo kijana mwembamba aliyeshonea kiti chake cha nyuma mto mwekundu wenye vishada vya manjano. Edah aliuchagua ule mto kwanza. Kumchagua mwenye mto kulikuja baadaye.

Aliikumbuka ile barabara vizuri kuliko harusi yake. Mlimani kijana alipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Mteremkoni aliachia breki, naye Edah akamshika shati na kupiga kelele hadi watu wa kando ya njia wakacheka. Siku moja mvua iliwafukuza mpaka kwenye baraza la duka pale Khayega. Wakanunua hindi moja la kuchoma, wakaligawana, na hapo ndipo kijana alipomuuliza jina, baada ya kumbeba muhula mzima.

"Unaitwa nani?"

"Edah. Na wewe?"

"Wanzala. Nilidhani hutaniuliza."

Sasa Wanzala alikuwa na kitambi na duka la vifaa vya ujenzi. Baiskeli aliiuza alipopata kazi ya kuendesha trekta la miwa, na hakuwahi kununua nyingine. Binti yao, Mitchel, alikuwa Nairobi kikazi, na nyumba ilikuwa imenyamaza. Mitchel ndiye aliyemtumia mama yake video ya mzee na mkewe wakiendesha baiskeli zilizojaa mizigo kando ya bahari, kwa utani tu. Edah aliitazama mpaka simu ikazimika.

"Nitajifunza," akamwambia mumewe.

"Jifunze. Mimi usinihesabu. Baiskeli nilitoka nayo mbali, sitaki kurudi huko."

Maneno hayo yalimchoma. Ilikuwa kana kwamba Wanzala amechukua zile Ijumaa zote na kuzitupa nje ya dirisha. Kesho yake alienda kwa Kipruto, fundi wa baiskeli mjini, naye akamtafutia moja ya mitumba, fupi, yenye gia. Jioni akaisukuma hadi uwanja wa kanisa.

Alianguka sana. Jirani yake Jescah, aliyekuwa akipita kutoka mazoezi ya kwaya, alisimama akajishika kiuno.

"Mama Mitchel, umepatwa na nini? Umri huu?"

"Ndio huu nilio nao," Edah akasema, akipangusa magoti.

Wanzala aliona bandeji usiku ule, akageuka akalala. Lakini jioni iliyofuata Edah alipoinua baiskeli kutoka chini, alisikia mkono ukishika kiti kwa nyuma.

"Unaangalia tairi," sauti ya mumewe ikasema. "Tairi halipotei. Angalia unakoenda."

Alipokuja kugundua kwamba ule mkono umeachia, alikuwa amefika golini upande wa pili. Wiki iliyofuata Wanzala mwenyewe alikwenda kwa Kipruto, akasema anakwenda kununua tyubu tu, akarudi na baiskeli.

Jioni zao zikabadilika. Ramani ilitandazwa mezani, na Edah akaketi kwenye cherehani akishona mikoba ya kuning'inia pembeni mwa magurudumu. Alitumia turubai kuukuu la trela la miwa, gumu kiasi cha kuvunja sindano. Wanzala alikagua kila mshono kwa kuuvuta kwa nguvu zake zote.

Kabla ya Pwani waliamua kujijaribu: waende Kabras na mizigo yote, walale kwenye hema uwanjani kwa Makhanu, aliyewahi kuendesha trekta na Wanzala. Walipita Lubao vizuri, watu wa soko wakiwashangilia. Mbele kidogo barabara ikainuka katikati ya mashamba ya miwa, na mlima ukamshinda Edah. Alishuka, akainamia usukani, machozi yakamtoka kwa uchovu.

Wanzala naye alishuka. Wakakaa kwenye ukingo wa barabara.

"Wewe ulikuwanga unapanda Khayega ukipiga mluzi," Edah akasema. "Na mimi niko nyuma."

"Nilikuwa napiga mluzi usisikie ninavyohema."

Edah akamgeukia.

"Siku zingine sikuwa nimekula tangu asubuhi," Wanzala akaendelea, akiangalia miwa. "Naomba Mungu usiwe umebeba lile sanduku lako la vitambaa. Ukicheka kule nyuma, mimi naona giza."

Miaka yote alikuwa amezihifadhi siku zile kama nguo nzuri sandukuni, na kumbe zilikuwa zimeshonwa kwa njaa ya mtu.

"Mbona hukuniambia? Ningeshuka nitembee."

"Ndiyo maana sikusema." Akacheka kidogo. "Ijumaa nikifika saa sita, nilikataa abiria. Wenzangu walinidharau, wakasema mimi mvivu. Nilikuwa napumzisha miguu, nikungoje wewe."

Lori la miwa likapita, likawatingisha kwa upepo wake. Edah akachukua mkono wa mumewe, akaushika mpaka pumzi zao zikatulia. Kisha wakasukuma baiskeli hadi kileleni, bega kwa bega.

Hema lilivuja usiku ule. Makhanu aliwakuta wameketi wima kama kuku walioloa, akawaingiza sebuleni akicheka mpaka akakohoa. Asubuhi, wakinywa chai, walipanga upya. Sufuria nzito ibaki. Hema lipakwe nta. Pwani waendeshe alfajiri, na jua likikaza wajipumzishe. Na Wanzala akaweka sharti lake: penye mlima, wanashuka wote wawili.

Walisafiri Januari. Stendi ya Mombasa walitoa baiskeli kwenye buti la basi, wakafunga magurudumu wenyewe, wakazipandisha kwenye matatu hadi Lunga Lunga, na kesho yake wakaanza kutoka huko, Edah akitangulia ili mwendo uwe wake. Malindi hawakufika. Goti la Edah lilivimba karibu na Kilifi, wakapiga hema uani kwa mama mmoja aliyeuza maandazi, wakakaa hapo wakila na kuogelea mpaka siku walizojipangia zikaisha.

Kanisani Jescah aliuliza kama ni kweli walishindwa njiani.

"Hatujashindwa," Wanzala akamjibu, kabla Edah hajafungua mdomo. "Kipande kilichobaki tunakirudia Agosti. Huyu mke wangu goti lake likipona, mimi siwezi kumfikia."