Marehemu wa Aya ya Nne

Kwa miaka kumi na moja Bwana Kalamu alimuua dada yake mara moja kila mwaka, katika aya ya nne, na kila mwaka waziri alipigiwa makofi.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwandishi wa hotuba, na kazi hiyo ina mishono yake. Aya ya kwanza unasema "sisi" mpaka mwenye gari na mwenye kandambili wajione ndugu. Ya pili unatupa takwimu, moja tu, maana mbili hazikai kichwani. Ya tatu unarudia neno mara tatu, kama mdai anayegonga mlango. Ya nne unaleta mtu. Mama mmoja, fundi cherehani, aliyepata UKIMWI, akameza dawa bila kukosa, akafa ameshika mkono wa mwanawe. Pembeni, kwa wino mwekundu: vua miwani, hesabu mpaka tano.

Mama huyo alikuwa dada yake mkubwa, ila hakufa. Mwaka ule wa kwanza alikuwa mahututi na hotuba inatakiwa asubuhi, Kalamu akaona amtangulize tu. Dada akainuka kitandani, hotuba ikabaki vilevile. Kila mwaka aliitoa kwenye faili, akabadilisha tarehe, akanywa chai.

Siku mbili kabla ya maadhimisho ya siku ya UKIMWI, dada alipanda ngazi mpaka ofisini kwa Kalamu, orofa ya tatu, lifti ikiwa imekufa kama kawaida yake. Akakaa juu ya boksi la karatasi, vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi.

"Umeshaniua, mdogo wangu, au bado?"

Kalamu akasugua macho. Siku zote alidhani dada hajui.

"Chumba cha kushonea kina redio," dada akasema. "Nilikuwa nacheka. Nasema wacha nife, mdogo wangu apate mkate. Mwaka huu sicheki. Unamjua mwenzangu wa cherehani ya dirishani, Mama Vifungo?"

"Yule mwenye mdomo."

"Mdomo umeisha. Aliambiwa anavyo virusi mwezi wa pili, kliniki nilimpeleka mwenyewe. Sasa wiki ya tatu hamezi dawa. Namuuliza, ananiambia za nini, dada, yule fundi wa kwenye hotuba alimeza bila kukosa na akafa."

"Mwambie wewe unatumia."

"Nimemwambia. Anaona namfariji. Neno la fundi na neno la waziri, utaamini lipi? Tena tamu hivyo."

"Aliye hai hamlizi mtu, dada. Mheshimiwa ataniuliza machozi yake yako wapi."

"Mwambie ninayo mimi." Akajiinua kwa kushika meza. "Namleta ukumbini akusikie. Nifufue."

Kalamu alisikiliza magoti ya dada yakishuka ngazi, moja moja. Kisha akafuta kifo, akaandika: na mpaka leo, mwaka wa kumi na moja, bado anashona. Akaisoma kwa sauti. Ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Alitaka kuitia sukari, akakosa nguvu. Akachapa upya, na mkono, kwa mazoea yake, ukaandika maelekezo mekundu palepale pa siku zote.

Siku yenyewe alisimama ukutani, nyuma ya ukumbi. Dada alikuwa safu ya tisa. Kando yake Mama Vifungo, shingo imebaki kama kijiti ndani ya kola. Waziri akasema "sisi". Akatupa takwimu. Akagonga mara tatu. Akafika kwa yule fundi, akavua miwani.

Hapo Kalamu akaelewa alichofanya. Bila miwani waziri haoni hata kiganja chake. Kinachofuata angekitoa kichwani, na kichwani mwake mama yule alikuwa maiti wa miaka kumi na moja.

Moja, mbili. Vitambaa vikaanza kutoka mikobani. Tano.

"Lakini ndugu zangu," waziri akasema taratibu, "mama yule akafa..."

"Hakufa, Mheshimiwa." Kalamu mwenyewe alishangaa jinsi sauti yake ilivyochoka. "Vaa miwani. Imeandikwa hapo."

Shingo zote zikageuka. Waziri akavaa miwani, akatafuta mstari kwa kidole.

"Na mpaka leo, mwaka wa kumi na moja," akasoma, "bado anashona."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walibaki na vitambaa mikononi, hawajui wavifanyie nini. Mama Vifungo alimtazama dada, kisha akatazama vidole vya dada vilivyotobolewa na sindano.

Baadaye, mlango wa nyuma, Kalamu aliwakuta mafundi wawili wamesimama karibu karibu.

"Ni wewe?" Mama Vifungo akauliza.

"Nani mwingine."

"Na tumbo halikusumbui?"

"Mwezi wa kwanza tu. Kula kwanza ndipo umeze."

"Yule nesi wa kliniki atanifokea. Wiki tatu."

"Atafoka, atanyamaza. Kesho asubuhi nakupitia."

Karani akaja kusema Mheshimiwa anamtaka mwandishi wake, sasa hivi.

"Nakuja," Kalamu akasema. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa kwanza.