Japolo Hafi Mara Moja

Mourine binti wa Susana ndiye aliyenieleza haya, Jumamosi iliyopita, tukiwa tumekaa kufukuza ndege kwenye omena yangu niliyoanika. Alikuwa akieleza huku anacheka, lakini siku yenyewe, anasema, hata jino lake halikuonekana.

Mourine anafanya kazi kwa Phanice hapo Kisegi, kwenye ile nyumba ya mabati ya kuonyesha video. Kazi yake ni kushika maiki. Picha inakuja na Kizungu chake, yeye anakishusha chini na kuweka maneno yake mwenyewe, Kiswahili na Dholuo vikipakuliwa sahani moja, na kila mtu kwenye picha anapata jina na sauti. Zamani maiki ilikuwa ya Elvis, kijana mwenye sauti ya kutetemesha mabati. Elvis alipohamia Migori mjini, Phanice akamwambia Mourine ajaribu mpaka giza la mwezi liishe, halafu wataona.

Hapo kwa Phanice video hujaa asubuhi, wakati wengine wako shambani. Wateja ni wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Usiku wote wa giza wako ziwani na taa zao. Jua likipanda wanarudi, wanawake wanachukua samaki kwenda kuanika, na wao wanakunywa uji, wanaingia video kidogo kabla ya kwenda kulala.

Picha iliyowashika ilikuwa ya mfululizo, ya watu wenye nguvu zisizo za kawaida. Mkubwa wao alikuwa anaruka angani bila mabawa. Mourine akamwita Japolo, yaani mtu wa angani, akampa sauti nzito, ya kukatakata maneno, kama mwenyekiti wa ufukwe akigawa zamu. Hata sokoni watu wakaanza kuiga.

Benchi la mbele lilikuwa la mzee Jacktone. Macho yake yalikwisha kufunikwa na wingu jeupe, haoni skrini wala ukuta, lakini hakosi. Ukimuuliza anafuata nini pale, anakwambia, "Mimi naangalia na masikio." Tangu mke wake azikwe, watu wanasema, huyo Japolo ndiye mtu pekee ambaye mzee huamka akiulizia habari zake.

Basi picha zikaisha, na watu wakataka zinazofuata. Phanice akampigia simu Elvis amtafutie huko Migori. Asubuhi ya mwisho ya giza lile Elvis akaja mwenyewe na flashi mfukoni, akaketi benchi la nyuma, mikono ameikunja kifuani.

Phanice akamvuta Mourine mlangoni. "Nyathina, mwanangu, siwezi kukuficha. Wakikaa leo, maiki ni yako. Wakitoka waende kwa Okemwa kuangalia mpira, Elvis amesema anarudi."

"Lakini hiyo picha hata sijaiona, mama."

"Na wao pia hawajaiona. Ingia."

Mourine akachomeka flashi. Jina lilikuwa lile lile, muziki ule ule. Halafu akatokea Japolo, amechorwa. Kichwa kikubwa, miguu kama njiti za kiberiti.

"Katuni!" mtu akasema.

Phanice aliposikia neno hilo akatoka nje mbio kuwaita watoto. Shule zilikuwa zimefungwa. Kwake yeye, kama kwetu sote, katuni ni ya watoto, kama vile uji usio na ndimu. Kufumba na kufumbua watoto wamejaa sakafuni mbele ya skrini, Phanice nyuma yao anatabasamu kama aliyefanya sadaka.

Lakini Mourine alikuwa amesoma maneno madogo yaliyopita mwanzoni, kwamba hii ni ya watu wazima. Na pale kwenye skrini Japolo wa kuchorwa alikuwa na chupa mkono mmoja, amelewa chakari, na mkono wa pili ameshika mwizi kichwani, anaminya. Anaminya tu, huku anaimba.

Mourine akaivuta maiki mdomoni. "Watoto wote! Ndege wanamaliza omena ya mama zenu!"

Mtoto wa Kisegi haambiwi hilo mara mbili. Walitoka kwa mlango mmoja kama maji ya mtaro, na Phanice nyuma yao, maana na yeye alikuwa ameanika. Mlango ulipojifunga, kile kichwa kikapasuka kama nyanya iliyooza.

Wavuvi walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Lakini kicheko kilipokwisha, Stanley, mtu mfupi kuliko wote kwenye ufukwe huo na mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akasimama.

"Mourine, watoto umewafukuza, sisi umetuacha. Sasa sisi ni kina nani? Usiku kucha nimevuta nyavu, nakuja hapa unaniwekea vibonzo?"

"Muulize Elvis, ndiye aliyeleta," Mourine akajibu.

"Niliambiwa nilete Japolo, nimeleta Japolo," Elvis akasema kutoka nyuma. "Mengine ni kazi ya dijei, mwenye maiki."

Watu wawili wakaanza kutafuta ndala zao. Ndipo mzee Jacktone akauliza kwa sauti, "Hiyo katuni ni kitu gani?"

"Ni kuchora, jaduong'," Stanley akamwambia. "Si watu wa kweli. Wamemchora Japolo."

"Na anayeongea ni nani?"

Mourine hakungoja. Akaingia kwenye ile sauti nzito. "Ni mimi, jaduong'. Mwili nimeuacha nyumbani umelala. Leo nimetuma picha."

"Si ndiye huyu!" mzee akasema. "Mnasumbua watu bure. Keti, Stanley."

Wakaketi, na Mourine akapumua. Lakini hakujua picha yenyewe ilivyopangwa. Ile ya mlevi iliisha haraka, na ikaja nyingine, ya mchoraji mwingine, rangi nyingine. Humo Japolo alikuwa mzee. Yuko kitandani hospitali, mpira puani, hawezi kuruka hata kufika dirishani, na hakuna mtu aliyekuja kumwangalia. Mourine akashusha ile sauti nzito taratibu, ikawa kama ya mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Akaomba maji, maji yasije. Halafu akafa.



"Amekufa?" mzee Jacktone akauliza.

Mourine anasema wazo la kudanganya lilimjia, kwamba aseme mtu amesinzia tu. Lakini wote wenye macho walikuwa wamemwona daktari akivuta shuka.

"Peke yake?" mzee akauliza tena. Kisha akaanza kupapasa fimbo yake chini ya benchi. "Basi mtu anipeleke nyumbani."

Kabla hajainuka, kwenye skrini ikaja hadithi ya tatu, imechorwa kwa makaa kama ukutani, na ndani yake Japolo kijana, mzima, anabeba ndoo ya maziwa nyuma ya mama yake.

Hapo nyumba ikalipuka.

"Aaa! Huyu si amekufa sasa hivi?"

"Mourine, unatuchezea! Umechanganya picha!"

"Unamliza mzee halafu unamfufua?"

Elvis akasimama, akapita katikati ya mabenchi, akanyoosha mkono. "Leta maiki," akasema, wala si kwa ubaya. Watu walikuwa wamesimama karibu wote. Mmoja alikuwa ameshafungua mlango, na kelele za mpira wa kwa Okemwa zinaingia.

Mourine akasimamisha picha. Anasema alichokuwa nacho kichwani ni nyumba ya nyanya yake, dani Achieng, huko Mfangano, alikolala na binamu zake akiwa mdogo, wasichana wanne kwenye mkeka mmoja. Kila mmoja alipewa zamu ya sigana. Kwenye hadithi ya kwanza zimwi linammeza yule msichana mzuri, mifupa na shanga. Kwenye ya pili huyo huyo msichana anaolewa. Hakuna aliyewahi kumwita msimulizi mwongo, kwa sababu katikati lilipita neno moja.

Akaliweka neno hilo kwenye maiki. "Tinda."

Kelele zikapungua. Hakuna mtu pale ambaye hakulijua, hata wale ambao hawakuwa wamelisikia tangu watoke kwenye mkeka. Ni neno la kumaliza sigana.

"Tinda," akarudia. "Ile ya hospitali imeisha. Aliyeisimulia amemaliza na amenyamaza. Sasa zamu ni ya mwingine, na kwake yeye Japolo bado ni kijana. Hii si kama ile picha ya siku zilizopita, ya kufuatana. Hii ni nyumba ya dani, kila mtu ana yake. Jaduong' Jacktone, umesikia? Zimwi likimla mtu kwa sigana ya jana, leo haji kuteka maji?"

Mzee alikuwa bado ameshika fimbo. "Anakuja," akasema. Kisha, "Sasa huko yuko na nani?"

"Yuko na mama yake."

Mzee akairudisha fimbo chini ya benchi.

"Lakini ngoja," Stanley akasema. "Sigana mchana? Dani yangu alisema ukisikiliza sigana jua likiwaka, hutakua, unabaki mfupi."

"Wewe unaogopa nini, Stanley?" mtu akamwambia. "Si ulishabaki?"

Nyumba nzima ikacheka, na Stanley mwenyewe akacheka. "Basi fungeni, yawa, msije mkafanana na mimi." Mtu akafunga mlango. Elvis, aliyekuwa karibu na dirisha, ndiye aliyeteremsha gunia, akarudi kukaa. Ndani kukawa usiku.

Mourine akaendelea. Kila hadithi akaipa msimulizi wake: moja bibi mwenye pengo, moja shangazi mchongezi, moja msichana mwoga anayesahau katikati. Kila ikiisha anasema tinda, na wote wanaitikia tinda. Ila mwitikio ulikuwa unapungua. Wavuvi walikuwa na usiku mzima machoni, na giza lile na sauti ile viliwalaza kama vilivyowalaza wasichana wa Mfangano. Stanley alianza, kichwa begani kwa jirani. Akafuata jirani. Elvis akalala mdomo wazi.

Phanice aliporudi akasimama mlangoni. "Wamelala?" akanong'ona. "Picha imewashinda?"

"Nyamaza wewe," mzee Jacktone akasema. "Hakuna aliyetoka."

Phanice akatazama benchi kwa benchi. Kweli, hakuna aliyetoka. Akaingia, akaketi kando ya Mourine, akavua leso yake akamtandikia magotini. "Endelea," akasema. "Kesho utaanza na hizo za mwisho, hawa hawajazisikia."

Mourine akamaliza ile ya maziwa mara ya pili, kwa sababu mzee aliiomba. Japolo na mama yake walifika nyumbani, wakachemsha, wakanywa. Mzee akaegemea ukuta, akasema tinda kabla yake, akapitiwa. Mourine akazima maiki, akalaza kichwa mezani, na usingizi ukamchukua bado ameishika.