Mgeni Anayeota Meno

Nyemo anaegemea kabati la joto la maabara, mchana wa jua kali la Dodoma, na usingizi unamchukua akiwa wima. Kabatini zimo seli za ini la mama yake, zilizochukuliwa siku ya upasuaji wa saratani, kwa kutaka kwake mwenyewe: chunguzeni, watoto wa wenzangu wasife kwa mahindi yenye ukungu. Mama amezikwa Jumatatu. Leo Alhamisi, na Nyemo anazilisha tu, anazibadilishia mchuzi wake wa virutubisho. Lile tone la sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi, hajathubutu kuliweka. Mlango wa kabati unafunguka, naye anaingia. Barabara hazina mwisho, nyumba zote zinafanana, na kila akikata kona anatokea mlango uleule, ambapo mwanamke asiye na uso amekaa na karai la maji. Uso hana, ila kanga kaifunga upande, kama mama. Karibu uoshwe, anasema, hapa hapiti mgeni asiyeoshwa. Kitendawili! Tega, anajibu Nyemo. Mgeni wangu huja mpole, nikimwosha huota meno. Nyemo anacheka huku analia, jibu analijua. Ni sumukuvu. Sasa kwa nini mnamwosha? anauliza. Asipooshwa hayeyuki, mwanangu, na asipoyeyuka hatoki. Wengi tunawawahi, tunawafunga mdomo na kuwasindikiza mpaka mtoni. Mmoja mmoja hutuponyoka, akaingia chumba cha ndani, akakiuma kitabu cha ukoo. Huyo ndiye aliyenimaliza. Anapapasa karai, kitambaa kinamdondoka. Umesahau kuosha, mama? Nasahau, ndiyo. Siku zote hizi nakula na kulala, kazi inanitoka mikononi. Umenifungia ndani kama mwali, na mimi nilikuja kufanya kazi. Kesho sitakumbuka kitu, nawe utawaambia nini wenzio? Nikimleta mgeni huyo utakufa, anasema Nyemo. Nimeshakufa, we mtoto, mbona mbishi hivyo! Mlete nikiwa bado najua kumshika. Nyemo anamkumbatia, anampenda mpaka kifua kinamuuma, kisha anainua mrija wa sumukuvu na kudondosha.

Anazinduka amesimama mezani. Sahani ya seli iko wazi, mrija uko mkononi, mtupu. Kama tone limedondokea huku au kule, hajui, na huku ni wapi pia hana hakika. Anafunika sahani, anaandika saa, anairudisha kwenye joto. Kazi njema, mama, anasema. Anasubiri kidogo, maana mama hakuwahi kuiacha salamu bila kuijibu.