Aliyeupa Uwanja Mgongo

Mtu huyo aliingia karakana bila kubisha hodi, na kabla hajafungua mdomo, manukato yake yalikuwa yameshaifunika harufu ya mbao. Mus'ad aliinua macho kutoka kwenye mguu wa kiti aliokuwa akiuchonga, patasi mkononi. Mgeni alikuwa na viatu vyeupe, na alikuwa akikanyaga maranda kwa ncha za vidole kama paka aliyeona maji.

Alisema jina lake ni Wagihi na anatafuta watu. Siku ya Ijumaa kuna mechi hapa Dumyati, akaeleza, na jukwaa linaloelekea kamera lazima lijae, kwa kuwa mdhamini mpya atakuwepo na mkewe. Basi litawachukua watu sokoni na kuwarudisha. Kila mmoja atapewa kofia, boksi la kuku na wali, na kitu kidogo cha mfukoni. Si lazima mtu awe anaujua mpira.

"Kazi yenyewe nyepesi, kaka. Mkono wangu ukipanda, mnasimama na kupiga kelele. Ukishuka, mnakaa."

Mus'ad alimuuliza timu inayocheza ni ipi. Wagihi alitoa simu yake, akasogeza kidole juu, akasogeza chini.

"Sawari," alisema. "Timu ya hapa kwenu. Huifahamu?"

Mus'ad aliifahamu Sawari kama alivyofahamu kitanda alichozaliwa. Kwa miaka minane alikuwa kiongozi wa nyimbo wa Wana wa Lisani, kundi la mashabiki lililolijaza jukwaa hilohilo mvua ikinyesha, jua likiwaka, timu ikishinda au ikiaibika. Alikuwa akipanda juu ya chuma cha uzio wa mbele, anaupa uwanja mgongo, anawatazama watu na kuwaimbisha mpaka koo linatoa damu. Lakini tangu kipupwe hakuna aliyekanyaga pale. Mwenyekiti wa klabu aliwauza wachezaji wazuri msimu ukiwa katikati, akatangaza kwamba mwakani mechi za nyumbani zitachezwa kwenye uwanja mpya huko jangwani kando ya barabara kuu, na mashabiki walipopiga kelele akasema kwenye televisheni kwamba wao ni takataka zenye sauti. Wana wa Lisani wakaapa kwamba hawaingii mpaka aombe radhi. Hakuomba. Sasa alikuwa anakodi watu.

"Na wimbo nimewaletea," Wagihi aliendelea, akafungua karatasi. "Ni mashabiki wenyewe huuimba, tumeubadilisha kidogo tu."

Akausoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa: *Jokofu halichoki kupoza nyumbani, nasi hatuchoki kuja kwako.*

Mdhamini aliuza majokofu. Wimbo ulikuwa wa Mus'ad. Aliutunga hapa hapa karakanani, siku ambayo mkono wake ulikuwa umekatwa na msumeno na hawezi kazi, na maneno yake yalikuwa: *Mto hauchoki kwenda baharini, nasi hatuchoki kuja kwako.*  Alikuwa karibu kumwonyesha mgeni mlango kwa ncha ya patasi, aliposikia kikohozi cha jirani yake, mzee Gharibu, upande wa pili wa ukuta, akaishusha.

Gharibu alikuwa fundi wa vanishi. Aling'arisha makabati ya nusu ya maharusi wa mji ule, mpaka mwaka ambao mfanyabiashara mmoja aliwauzia mafundi spiriti mbovu ya kuchanganyia vanishi na macho ya Gharibu yakazimika. Upofu haukumtoa uwanjani. Kila mechi ya nyumbani alikaa chini ya chuma alichosimama Mus'ad, akausikiliza mchezo kwa sauti za watu: aliweza kujua kona kwa namna pumzi zinavyozuiwa, na kadi ya njano kwa aina ya matusi. Mus'ad, aliyeupa uwanja mgongo, aliusoma mchezo kwenye nyuso. Walikuwa wakitaniana kwamba wao wawili ndio wajinga pekee Misri nzima wanaolipa kiingilio wasione kitu.

Usiku ule wa kiapo, wakati Mus'ad akimsindikiza nyumbani, Gharibu hakuwapinga wala hakuwaunga mkono. Aliomba jambo moja. Mechi ya mwisho kabla timu haijahamishiwa jangwani, Mus'ad ampeleke, na wakae mpaka filimbi ya mwisho. Hakuwahi kuondoka kabla ya filimbi na hakutaka kuuaga uwanja kama mwizi. Mus'ad alidhani kufika masika mambo yatakuwa yameshatengemaa. Akamwambia ndiyo, ami, nitakupeleka.

Mechi ya mwisho ilikuwa Ijumaa hii. Wana wa Lisani hawakuwa na vitambulisho vipya vya mashabiki vilivyotakiwa langoni, walivikataa kwa pamoja, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine ya kuingia ila basi la Wagihi.

"Nina mtu mwingine," Mus'ad alisema, na maneno yalimtoka kama mwiba wa samaki. "Ila ni kipofu."

Wagihi alifikiri. "Anajua kupiga makofi?"

Jioni hiyo Mus'ad alikwenda kwa Badawi, rafiki yake aliyeshika funguo na bendera za kundi. Kwenye ukuta wa nyumba ya Badawi yaliandikwa kwa rangi majina ya waliolianzisha kundi, na la Mus'ad lilikuwa la pili kutoka juu. Sheria waliitunga wenyewe: atakayeingia uwanjani wakati wa mgomo anarudisha skafu yake, ile ya kwanza iliyofumwa na mama zao, na jina lake linakwanguliwa. Mus'ad alizunguka mbuyu kwa muda mrefu. Aliuliza kama mzee mlemavu anaweza kuruhusiwa. Badawi alisema mzee hakuapa, aende na amtakaye, ila asiende na mmoja wetu.

"Hana mtu mwingine."

"Mus'ad, sikiliza. Ukitaka kuingia, ingia, lakini usije kunieleza sababu. Kila msaliti ninayemjua ana sababu nzuri." Kisha, kwa upole zaidi, akaongeza kwamba Ijumaa wote watasimama lango kuu wakiwa wameupa uwanja mgongo, na anamtegemea awepo.

Mus'ad alirudi nyumbani akijipigia hesabu ya kunguru. Mabasi ya kukodi yangeingilia lango la nyuma, upande wa mto, na kutokea huko huko. Kofia angeivuta mpaka kwenye nyusi. Badawi angeambiwa kwamba alikuwa na homa. Ahadi ingetimia na jina lingebaki ukutani.

Ijumaa, baada ya swala, basi lilinuka kitunguu saumu na jasho la watu wasiojuana. Kofia zilikuwa ngumu, za plastiki ndani, na mbele palichorwa jokofu lenye macho na tabasamu. Kijana aliyekaa mbele ya Mus'ad na Gharibu aliuliza rangi yetu ni ipi. Mwenzake akamjibu kwamba haijalishi, ila mara ya mwisho walipokwenda kwenye mkutano wa mgombea fulani chakula kilikuwa bora. Gharibu alicheka, akidhani ni utani. Alikuwa amevaa koti lake la sikukuu, na ndevu amezinyoa mpaka akajikata.

Walikaa palepale pao, chini ya chuma. Gharibu alikipapasa, akapata sehemu ambayo viatu vya Mus'ad vilikuwa vimekwangua rangi, akaacha kiganja chake hapo.

Mchezo ulipoanza, Mus'ad alifanya alichofanya siku zote. Bila kufikiri, aliupa uwanja mgongo na kuzitazama nyuso, azisome. Aliona midomo inayotafuna. Aliona mafuta yakichuruzika kwenye videvu, mifupa ikitupwa chini ya viti ambavyo Wana wa Lisani walikuwa wakivisugua wenyewe kila mwanzo wa msimu, macho yamezama kwenye simu. Mwanamume mmoja alikuwa amelala. Mkono wa Wagihi ukapanda, na wote wakaruka wakipiga mayowe, mabaki ya wali yakiwaruka midomoni. Mkono ukashuka, wakarudi kwenye maboksi.

"Nini? Tumefunga?" Gharibu aliuliza, uso ukimng'aa.

"Hapana, ami."

"Sasa wanashangilia nini?"

"Mkono umepanda."

 Mkono ukapanda tena, kelele zikalipuka, na safari hii Mus'ad alimwona akikunja shingo, akilitega sikio huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake gizani na kukuta vyombo vyote vimehamishwa. Kisha spika zikaanza kuimba lile la jokofu. Gharibu aligeuka akatema mate chini, yeye ambaye Mus'ad hakuwahi kumwona akitema mate mbele ya watu.

"Makofi haya hayana mpira ndani yake," alisema. "Mimi sioni kitu, Mus'ad. Leo ndiyo nimekuwa kipofu. Niambie wewe."

Basi Mus'ad akageuka.

Miaka minane, na alikuwa hajawahi kutazama mechi ya nyumbani kutoka mwanzo hadi mwisho. Uwanja ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani, na nyasi zake zilikuwa na mabaka kama mbwa mwenye upele. Hakujua atazame wapi. Alikuwa akiufuata mpira ukampotea, akamtaja kipa wa wageni kuwa wa Sawari, akajisahihisha, na Gharibu akamwambia kwamba hata kinyozi wake angetangaza vizuri zaidi.

"Namba sita ana mpira," Mus'ad alisema. "Anautazama. Bado anautazama. Ameutoa nje."

"Namba sita si Tantawi?"

"Tantawi aliuzwa, ami."

"Usinipake asali. Wanachezaje?"

"Wanatembea. Beki wetu anafunga kamba za viatu na mpira unampita." Akaufuata mpira kwa macho mpaka wavuni. "Wametufunga."

Juu yao mkono wa Wagihi ukapanda, na jukwaa zima likashangilia bao la wageni.

Mus'ad aliinamisha kichwa. Si kwa sababu ya bao. Sawari ilishafungwa mara nyingi na yeye akaimba kwa nguvu zaidi. Kilichomuudhi ni kwamba yeye pia alikuwa humo, na jokofu lenye tabasamu lilikuwa kwenye paji la uso wake kama la wengine. Kwa mguu alilisukuma boksi lake, ambalo hakulifungua, mpaka likaanguka kwenye mtaro wa mbele ya jukwaa.

Kipindi cha pili kilikuwa bado hakijakaribia kuisha wakati mdhamini na mkewe walipoinuka kwenye viti vya heshima na kuondoka. Wagihi aliufuata mgongo wao kwa macho, kisha akapiga makofi mara mbili. Kazi imekwisha. Watu walianza kuteremka, mpira ukiwa ungali unachezwa, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

"Twende, kaka," Wagihi alimwambia Mus'ad akipita. "Basi halingoji mtu, na lango la nyuma linafungwa tukitoka. Ukibaki utatokea lango kuu."

Mus'ad alisimama. Kutoka pale aliweza kusikia, kwa mbali, ngoma ya Badawi huko nje. Alimtazama Gharibu, akingoja aseme neno, amwombe, au amwachilie.  Kiganja cha mzee kilikuwa bado kwenye sehemu ile iliyokwanguka.

"Wameondoka?" Gharibu aliuliza.

"Wanaondoka."

"Filimbi imelia?"

"Bado, ami."

Mus'ad akaketi. Hatua za mwisho zikafifia kwenye ngazi, mlango wa chuma ukafungwa kwa kishindo kule nyuma, na jukwaa likawa tupu, lenye mifupa na maboksi na upepo unaoyaburuta.

Hapo Gharibu akainua kichwa. "Sikia," alisema. "Huo ni mpira."

Kweli. Kila teke lilifika kwao peke yake, zito, kama mtu anayekung'uta zulia. Gharibu alianza kuuliza haraka haraka: huyo nani, amempa nani, mbona umepigwa kwa kisigino. Mus'ad akamwambia kuna kijana ameingizwa, mwembamba, jezi imemzidi, namba yake haonekani vizuri, ila anakimbia.

"Anakimbia kweli?"

"Anakimbia kama anauwahi mlango usifungwe."

"Mwimbie basi."

Mus'ad alisema hawezi. Hapakuwa na mtu wa kumtazama usoni. Kwa hiyo Gharibu akaanza mwenyewe, kwa sauti mbovu iliyokauka kwa spiriti: mto hauchoki kwenda baharini. Mus'ad aliivua kofia, akaitupa mtaroni kwenye boksi lake, akaingia kwenye mstari wa pili. Kule uwanjani yule kijana aliwatupia jicho akiwa mbioni, akijiuliza labda hawa wawili ni akina nani, kisha akaufuata mpira ambao mwenzake yeyote angeuacha utoke. Hakuupata. Walimwimbia hata hivyo, mpaka filimbi.

Walitoka taratibu. Nje ya lango kuu Wana wa Lisani walikuwa wamesimama safu nzima, migongo kwa uwanja, na waliposikia fimbo ya Gharibu ikigonga sakafu waligeuka. Hakuna aliyetukana, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi. Badawi alimtazama Mus'ad, akamtazama kipofu mwenye koti la sikukuu, akafungua mdomo.

"Uliniambia nisikueleze," Mus'ad alisema.

Alifungua vifungo vya shati. Skafu ilikuwa ndani, imemzunguka kifuani ambako alikuwa ameificha asubuhi. Aliikunja mara mbili, kama mama yake alivyokuwa akiikunja, akamkabidhi Badawi mikononi. Badawi aliipokea. Sheria ilikuwa ya wote wawili, na hakuna aliyejaribu kuipindisha.

"Filimbi umeisikia, ami?" Mus'ad aliuliza walipoipita safu.

"Nimeisikia."

"Mbele kuna ngazi," alimwambia akimshika kiwiko, na sauti yake haikutetemeka mpaka walipofika ngazi ya mwisho.