Lukia Arudi Kliniki

Devotha alikuwa barazani akichambua mchicha, jua likishuka nyuma ya mashamba ya mkonge, Lukia alipoingia uani. Lukia alikuwa mke wa kwanza wa Method, mkata mkonge. Malaria ilimuua Lukia masika yaliyopita, na mimba yake tumboni.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Leo umechelewa," alijibu mama yake Method, akamsogezea kigoda.

Lukia hakukaa. Alikwenda kwenye banda la vifaranga, akafungua chandarua walichozungushiwa, akakikung'uta, akakitundika juu ya kitanda cha Devotha. Ndivyo alivyofanya kila jioni. Asubuhi Method alikirudisha bandani, kwa sababu mwewe walikuwa wengi.

Devotha, mke wa pili na sasa mjamzito, alikuwa ameolewa kutoka Chome, milimani, kwenye baridi na mbu wachache. Mwili wake haukuwa umeizoea malaria. Kwenye zahanati ya kambi ya wakata mkonge, nesi Rogathe alikuwa amemwambia vidonge vya kinga kwa wajawazito havijaletwa, arudi kliniki ijayo.

Jioni hiyo homa ilimpanda, akatetemeka hadi meno yakagongana.

"Ni mimba tu hiyo," alisema mama mkwe. "Itapoa."

"Na mimi mliniambia hivyo hivyo," alisema Lukia. Hakuwa na hasira.

Alimbeba Devotha mgongoni mpaka barabara kuu. Habibu wa bodaboda aliwapakia wote wawili, akamsihi Lukia ashike vizuri, maana wafu ni wepesi na upepo wa huku ni mkali. Hospitalini Same, daktari alimpima Devotha damu, akamlaza, akamchoma sindano. Lukia alisimama miguuni pa kitanda, mkono juu ya tumbo lake mwenyewe. Bado lilikuwa kubwa.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo sana, lakini alilia. Lukia aliomba kumpakata. Alimpakata muda mrefu, akamrudisha kwa mama yake, wala hakuja tena nyumbani kwa Method.

Siku hizi hushinda kwenye benchi la zahanati pamoja na wenzake waliokufa kama yeye. Juzi Rogathe alitoka kuwaambia wajawazito kwamba vidonge bado.

"Na ninyi marehemu, sogeeni kidogo," aliongeza, "wazima wapate pa kukaa."

Wakasogea. Binti mmoja mgeni kambini, mimba yake ya kwanza, akakaa katikati yao. Lukia akamwekea kiganja kwenye paji la uso.