Barafu Inayochemka

Pale maabara walimwita Kipimo, maana dada huyo hakuwahi kuona kitu asitake kukipima. Asubuhi hiyo alikuwa ameandika programu ya kugeuza weupe wa kila nukta ya picha ya kamera ya joto kuwa nyuzi za joto, akaifundisha kwa kikombe cha barafu na kikombe cha chai inayofuka. Akampiga picha fundi wa kamera, aliyekuwa ameketi mezani penye vikombe hivyo viwili, akabonyeza. Kompyuta ikasema barafu inachemka, chai imeganda, na kiti kina joto kumshinda aliyekikalia.

“Kumbe nilishakufa na hamkuniambia,” fundi akasema.

Kipimo alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Namba alikuwa amezipishanisha: sifuri kaipa chai, themanini kaipa barafu. Akazirekebisha, fundi kainama begani kwake kutazama, akabonyeza tena, kamera ikawapiga picha wote wawili pamoja na vikombe. Safari hii barafu ilikuwa barafu na chai ilikuwa chai, ila masikio ya fundi yaliwaka kama taa.

“Programu yako bado ina kasoro,” fundi akanong'ona.

“Haina,” Kipimo akasema, akiziba kwa kiganja upande wa pili wa picha, ambako masikio yake mwenyewe yaliwaka zaidi.